Nishani Iliyovuliwa Kifuani

Yako madai yasemwayo kwa sauti ya hekima, na kwa sababu hiyo hupita bila kupimwa. Mojawapo ni lile lililotumiwa na Serikali ya Uingereza, hadi Januari 2000, kuwafukuza jeshini wanaume wapendao wanaume na wanawake wapendao wanawake: kwamba kuwapo kwao huvunja umoja wa kikosi. Sheria ya mwaka 1967 iliwaondolea jinai hiyo raia wanaume wa England na Wales waliotimiza miaka 21, lakini askari wakaachwa nje ya rehema yake. Ati afaaye kuifia nchi hakufaa kulindwa na sheria zake!

Na tuulize, ni nani aliyeuvunja umoja? Wapelelezi wa jeshi walipekua makabati, walisoma barua, waliwahoji watu habari za vitanda vyao na kuwataka wawataje wenzao. Askari alifundishwa kumwogopa jirani yake wa bwenini kuliko adui. Mimi sioni nidhamu hapo hata chembe.

Wakubwa wenyewe hawakudai kwamba waliofukuzwa walikuwa wavivu au waoga. Jeanette Smith, muuguzi, na Graeme Grady, wote wa jeshi la anga, walisifiwa kwa kazi zao. Hoja ilikuwa kwamba wenzao hawatawavumilia. Yaani chuki iwe ya mmoja, adhabu iwe ya mwingine. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliikataa hoja hiyo Septemba 1999, ikasema chuki ya namna hii haiwezi kuwa udhuru, kama vile chuki ya rangi au asili isivyoweza. Sisi wa Afrika Mashariki hoja hiyo si ngeni kwetu. Kanuni za jeshi la Uingereza za mwaka 1914 zilitaka afisa awe wa asili ya Kizungu tupu, na watetezi wake walisema askari weupe hawatamtii mweusi. Babu zetu wa King's African Rifles walipigana Burma mwaka 1944 chini ya maofisa wageni.

Atasema mtu kwamba jeshi si baraza la haki, bali ni chombo cha ushindi. Vema, basi na lihukumu kwa utumishi. Joe Ousalice alitumikia jeshi la majini karibu miaka 18, na vita vya Falklands vya 1982 vikiwamo. Mwaka 1993 alifukuzwa, akavuliwa nishani ya utumishi mrefu na mwenendo mwema. Alirudishiwa Januari 2020. Katika miaka hiyo yote utumishi wake haukuongezeka wala kupungua. Kilichobadilika ni macho ya waliomtazama.

Serikali iliomba radhi Julai 2023, na Desemba 2024 ikatenga fidia ya pauni milioni 75. Aliyefukuzwa hupewa pauni 50,000, na nyongeza isiyozidi 20,000 kwa mateso mengine. Lakini ile 50,000 ni moja kwa wote: aliyepoteza pensheni ya utumishi wa miaka 18 hupata sawasawa na aliyefukuzwa akiwa kuruta.