Mzito nilikuwa mimi

Najua nimepotea, ila nilikuwa TP huko kwetu Mara, na kijiji nilichopangiwa, ndani ndani ya Bunda, mtandao unaupata ukipanda juu ya kichuguu (sitanii). Boom lilichelewa, nimekonda, tusiongelee hayo.

Kuna jambo limenikaa kooni. Darasa la kwanza nililopewa lilikuwa na dogo mmoja wa Kitaturu. Kwa msiojua, Wataturu ni wafugaji, ndugu wa Wabarbaig wa kule Manyara, na lugha yao haina undugu wowote na Kijita, Kiikizu au Kizanaki. Mimi baba Mjita, mama Mzanaki, nimekulia Musoma mjini na Kiswahili changu, nikajiona nimekamilika. Wapi! Wiki tatu yule mtoto hakufungua mdomo. Nikaambiwa huyo ni "mzito", akalishwe nyuma. Na mimi, nakiri, nikamwacha hukohuko nyuma.

Siku moja akaja kijana wa bodaboda kuleta maboksi ya chaki, naye Mtaturu. Akamsalimia dogo kwa lugha ya kwao. Jamani! Mtoto aliongea kama bomba limepasuka. Nikamwomba kijana amuulize: mezani kuna vijiti vitano, nikiongeza vinne vinakuwa vingapi? Dogo akajibu papo hapo. Nikaongeza maswali, akajibu yote. Hesabu za wiki nzima alikuwa anazijua. Mzito nilikuwa mimi.

Rumeti wangu nilipomsimulia akanikatisha: "Wewe sasa unaleta ukabila. Ajira za walimu tuanze kuulizana makabila?" Namwelewa. Nchi hii ilijengwa kwa kuchanganya watu, na sensa ya mwisho kuuliza kabila ilikuwa ya 1967. Nyerere mwenyewe, Mzanaki wa Butiama, kabila dogo tu, alifundisha Tabora na Pugu, sio nyumbani kwao. Hilo sitaki livunjwe. Ila kutomuuliza mtu kabila lake hakumfanyi mtoto wa miaka sita ajue Kiswahili. Na tumeshakubali kwamba kuna watu wanahitaji mlango ufunguliwe kwa makusudi: Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Sijasikia mtu akisema sheria ile imegawa taifa.

Halafu cha kuchekesha, dawa iliwahi kutungwa palepale kwetu. Novemba 1974 TANU walikaa Musoma wakapitisha Azimio la Musoma, kwamba elimu ya msingi kwa wote ifikiwe 1977 badala ya 1989. Walimu wa kutosha hawakuwepo, ndipo wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa ualimu vijijini huku wakishika chaki. Tunawacheka mpaka leo, "Ualimu Pasipo Elimu". Kwa elimu ndogo waliyopewa, kejeli ina ukweli wake. Lakini kuna kitu walikuwa nacho ambacho mimi na digrii yangu inayokuja sina: wengi walielewa mtoto anasema nini siku ya kwanza.

Kosa la UPE lilikuwa kushusha kizingiti na kuwaacha watu pale chini. Mimi nasema kizingiti kibaki, watu washikwe mkono wakivuke.

Mfano ni huyohuyo wa bodaboda. Alimaliza fomu foo, akapata divisheni foo. Vyuo vya ualimu vinataka wa kwanza mpaka wa tatu, basi safari ikaishia hapo. Alitaka kuwa mwalimu tangu mdogo, kaniambia mwenyewe huku akifunga tenki. Halmashauri ikimchukua mtu kama huyu awe msaidizi wa darasa la kwanza kwa posho, jioni akasoma na kurudia mtihani, kisha akaenda chuo kwa kufadhiliwa, inagharimu nini kulinganisha na mtoto anayekaa miaka miwili nyuma ya darasa halafu anarudishwa kuchunga? Na akihitimu, apangwe kwao miaka ya mwanzo, baadaye aende Mtwara kama wengine.

Msinijibu kwamba walimu wa kutoka mbali wanatosha. Wenzetu Kenya waliona: Novemba 2014 magaidi waliteka basi Mandera wakaua watu 28, wakiwemo walimu waliokuwa wanarudi makwao likizo. Baada ya hapo walimu wengi wasio wenyeji wakakataa kurudi, watoto wakabaki na majengo. Sifananishi, Bunda kuna amani yake. Nasema tu sehemu isiyo na walimu wake hutegemea uvumilivu wa wageni, na mimi mgeni nilivumilia wiki tatu tu kabla sijamkatia mtoto tamaa.

Kabla sijaondoka nilimrudisha dogo dawati la mbele. Alishajua kusema "mwalimu naomba kwenda nje". Kijana wa bodaboda anarudia mtihani kama mtahiniwa binafsi, ada anachanga mwenyewe kwa abiria. Mwenye mitihani ya nyuma ya Uraia, Baiolojia na Hisabati aniletee Hall, natuma kifurushi Ijumaa kwa basi la Musoma.