Upanga si Pambo

Iko dhana iliyokaa vichwani mwa wasomi wengi, kwamba upanga ni chuma cha makumbusho, na kwamba mtu mzima anayejizoeza kuutumia leo ni mtoto aliyekosa kazi. Dhana hii haina haki. Mchezo wa upanga ni elimu kama elimu nyingine: una kanuni, una istilahi, una walimu na wanafunzi. Hufa usipotendwa, na hupotoka usipoandikwa.

Ulaya yatoa ushahidi. Mwaka 1606 Salvator Fabris alipiga chapa kitabu chake mjini Copenhagen, na mwaka 1610 Ridolfo Capoferro akatoa chake mjini Siena. Wote wawili walifundisha rapia, upanga mrefu mwembamba ambao kazi yake kubwa ni kuchoma kwa ncha kuliko kukata kwa makali. Capoferro aliisimamisha elimu yake juu ya nguzo mbili, kipimo na wakati. Kipimo ni umbali ambao ncha yaweza kumfikia adui, ama kwa hatua ama kwa kunyosha mkono tu. Wakati ni ile nukta ambayo adui ameshughulika na mwendo wake mwenyewe hata hawezi kujikinga. Achomaye nje ya kipimo hupiga hewa. Achomaye nje ya wakati huchomwa yeye. Si wote waliokubali. Mwaka 1599 Mwingereza George Silver alikwisha andika kitabu cha kuilaumu rapia ya Kitaliani na kuutetea upanga mfupi wa nchi yake. Ugomvi ule haukuiua sanaa, uliinoa.

Lakini mkono uliojua ulikufa. Rapia iliachwa, bunduki ikatawala, na vitabu vikabaki rafuni. Mwishoni mwa karne ya 19 Egerton Castle na Alfred Hutton mjini London walilazimika kuvifunua upya ili wajue babu zao walisimamaje. Juhudi yao nayo ililegea, ikaamka tena kwa nguvu mwishoni mwa karne ya 20. Leo katika miji mingi ya Ulaya na Marekani watu huvaa vinyago vya waya, hushika panga butu, na kujaribu ukurasa baada ya ukurasa. Hubishana juu ya sentensi moja mwezi mzima: mkono utangulie au mguu? Taabu hiyo yote ni adhabu ya kurithi kitabu bila ya mkono.

Katika nchi za Waswahili kosa ni kinyume chake. Lamu wako wanaume wachezao kirumbizi: wawili huingia uwanjani kwa mdundo wa ngoma na sauti ya zumari, kila mmoja na fimbo yake, huyu apiga na yule akinga. Unguja ilijua razha, mchezo wa panga uliokuja na watu wa Omani, ambao mchezaji huurusha upanga hewani ukazunguka akaudaka kwa mpini. Hapa mkono upo. Kitabu ndicho kilichokosekana. Msomi hupita, hutazama, husema "ngoma tu", kisha huenda zake kuhesabu mizani ya shairi. Kana kwamba mguu wa mchezaji hauna mizani!

Atasema mtu: hayo ni mambo ya pwani, yana nini na Kawajense? Kawajense ni kata ya Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi, mwisho wa reli itokayo Kaliua, mbali sana na bahari. Jibu ni kwamba nchi ile haikuwa imefungwa. Mwaka 1871 Stanley, akiikwepa vita ya Mirambo, alipita Ukonongo na Ukawendi kwenda Ujiji, na katika msafara wake walikuwamo waungwana wa Unguja. Kwa miguu ya misafara kama hiyo lugha ya pwani ilifika bara, na sasa ni mali ya Kawajense sawasawa na Lamu. Kijana anayefyeka kichaka kwa panga, au kuchunga ng'ombe kwa fimbo, ana kiganja kilichokwisha anza kujifunza. Hahitaji rapia kutoka ng'ambo. Fimbo mbili za urefu mmoja, kinga ya uso, na mwalimu mwenye subira vyatosha. Wala lugha haikupungukiwa: upanga, kitara, jambia, sime, ngao, ala, mpini, makali, ncha, kukinga, kukwepa, kuhadaa. Maneno yapo tayari. Aliyekosekana ni mwandishi.

Wengine huogopa kwamba elimu hii itazidisha ukatili, maana panga limekwisha mwaga damu nyingi bila ya kufundishwa. Hoja hiyo yajipinga yenyewe. Mkono usiofundwa ndio usiojua kusimama. Somo la kwanza la mchezo wowote wa silaha wenye adabu ni kuizuia silaha kabla haijafika mwilini mwa mwenzi.

Hatari kubwa zaidi ni pambo. Mwaka 2015 UNESCO iliiandika razfa ya Omani na Falme za Kiarabu katika orodha ya urithi wa wanadamu, na mwaka 2016 ikaandika tahtib, mchezo wa fimbo wa Misri. Heshima hiyo ni njema, lakini orodha haifundishi hatua moja. Mchezo unaotolewa kwa ajili ya kamera ya mgeni hulainika kila mwaka, mpaka fimbo hazigusani tena ila kwa kupatana.

Basi wenye kalamu na waende kwa wazee wangali hai, wakaandike: mguu upi hutangulia, pigo huanzia bega au kiganja, kipimo ni hatua ngapi. Kisha ukurasa huo upelekwe Kawajense, asomewe kijana asiyewahi kuiona bahari. Akiweza kuinua fimbo na kujikinga kwa maneno hayo ya Kiswahili peke yake, kitabu kimesema kweli. Asipoweza, mwandishi na arudi kwa mzee upesi, kabla mzee hajaondoka.