Makandarasi wa Kenya na Hati Zinazolala Mezani

Katika nchi jirani ya Kenya, mitambo ya ujenzi ilikaa kimya kwa muda mrefu kando ya barabara ambazo hazijakamilika. Makandarasi hawakuwa wameikimbia kazi. Waliishiwa fedha kwa kuwa kazi waliyokwisha kuifanya haikulipwa. Mwaka 2024 Serikali ya nchi hiyo ilipandisha tozo ya matengenezo ya barabara kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa kila lita ya petroli na dizeli. Mwaka 2025 ikaamua kuweka rehani shilingi 7 kati ya hizo ili zipatikane shilingi bilioni 175 za kuwalipa makandarasi hao. Hivyo dereva anayejaza tangi leo mjini Nakuru analipia kokoto iliyoshindiliwa zamani.

Hatukatai kwamba Hazina ilikuwa na upungufu wa fedha. Lakini deni hilo lina mzazi wa pili, nao ni uchelewaji wa makaratasi. Kazi ikishapimwa, mkandarasi hupeleka taarifa ya madai. Mhandisi huihakiki na kutoa hati ya malipo. Ndipo mhasibu naye huligusa faili. Mhandisi akiwa safarini, au ukurasa mmoja wa vipimo ukikosekana, miezi hupita, ilhali riba ya benki haingoji saini ya mtu, wala vibarua hawali ahadi. Sisi wa jeshini hatuna ugomvi na saini, maana hata sanduku moja la risasi halitoki ghalani bila saini. Tunalolilaumu ni saini isiyokuwa na siku ya mwisho.

Wengi hawafahamu kwamba ulinzi upo. Masharti ya mikataba yaliyotolewa mwaka 1999 na Shirikisho la Kimataifa la Wahandisi Washauri, FIDIC, ambayo hutumika katika miradi mingi mikubwa, humpa mhandisi siku 28 za kutoa hati tangu apokee taarifa ya mkandarasi, na mwajiri siku 56 za kulipa, nazo pia huhesabiwa tangu siku ile ile ya kupokea. Siku hizo zikipita, riba huanza kuhesabiwa hata kama hati haijatolewa. Mkandarasi aweza pia kusimamisha kazi baada ya kutoa notisi ya siku 21. Mikataba mingine ina masharti tofauti, na yampasa kila mtu ausome wake kabla ya kutia saini.

Kwa hiyo silaha ya kwanza ya mkandarasi ni nakala ya taarifa yake, iliyogongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Vipimo vitiwe saini na pande zote mbili papo hapo kazini. Kazi ya nyongeza isianze kwa agizo la mdomo, hata likitoka kwa mkubwa. Na siku ya 57 barua ya kudai riba iwe imekwisha kufika. Twajua kwa nini wengi hawaiandiki: wanahofu kunyimwa zabuni ijayo. Hofu hiyo si ya kuchekwa, hasa kwa mfanyabiashara mdogo aliyekopa kwa dhamana ya nyumba yake.

Lakini kunyamaza nako kuna gharama. Mwaka 2023 Kenya iliunda kamati ya kuhakiki madeni ya tangu Juni 2005 hadi Juni 2022, chini ya Edward Ouko, aliyepata kuwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Wadai walitakiwa kuleta hati zao. Hebu msomaji afikirie mtu anayetafuta agizo la ununuzi la miaka 17 iliyopita, ofisi iliyolitoa imekwisha kubadilishwa jina na karani aliyelitia saini amekwisha kustaafu.

Tena mpango ule wa 2025 ni wa barabara peke yake. Waliopeleka dawa, vyakula na samani serikalini hawana tozo ya mafuta ya kuwalipia.