Kiatu Hakikimbii Peke Yake

Wako vijana wasemao, "Ningalikuwa na viatu vizuri, ningalishinda." Maneno hayo ni matamu masikioni, lakini mara nyingi ni hila ya uvivu.

Tarehe 10 Septemba, 1960, mjini Roma, Abebe Bikila wa Ethiopia alikimbia mbio za maratoni, kilomita 42 na ushei, bila kiatu mguuni. Alimaliza kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, upesi kuliko mtu ye yote kabla yake. Rhadi wa Morocco, aliyevaa viatu, alifika sekunde 25 baadaye.

Mpinzani wangu atasema kuwa Bikila mwenyewe alivaa viatu mjini Tokyo mwaka 1964, akapunguza muda wake kwa dakika 3. Ni kweli. Tena viatu vya siku hizi vina msaada mkubwa, hata wakuu wa riadha duniani waliamuru mwaka 2020 kwamba soli ya viatu vya mbio za barabarani isizidi milimita 40. Sikatai kwamba kiatu humwongezea mkimbiaji. Lakini humwongezea nini asiyejizoeza? Pumzi haiuzwi dukani.

Basi, ewe mwanafunzi, usimlazimishe mzazi wako kuuza mbuzi ili akununulie viatu, na wewe hujapata kuamka alfajiri hata siku moja kujizoeza. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete; hawakusema kuwa pete hukifanya chanda kiwe chema.