Kabati la seva halinunuliwi kama belo

Mfanyabiashara wa Mchikichini anaijua kanuni ya belo. Unalinunua likiwa limefungwa, unakata kamba, unachambua. Nguo za daraja la kwanza zinafidia zile zilizochanika, na mwisho wa siku mtaji unarudi na faida juu yake. Kanuni hii imelisha familia nyingi na kusomesha watoto wengi.

Lakini kanuni hiyo haifai kwa kila kitu kilichotumika. Wiki hii tunazungumzia bidhaa ambayo mwenye mtaji mdogo anaweza kuvutwa nayo kwa sababu ya bei: kabati la seva za bledi lililotolewa kazini na benki, kampuni ya simu au shirika la ng'ambo. Wazo lenyewe si baya. Wenye maduka 10 au 15 wanachangishana, wanaweka kabati moja, kila mmoja anatunza humo hesabu za stoo, mauzo na madeni yake, na nafasi inayobaki inakodishwa kwa wengine. Hoja ya safu hii ni kwamba katika biashara ya namna hiyo bei ya kununulia ndiyo sehemu ndogo kuliko zote. Faida au hasara huamuliwa na mambo mawili yasiyoonekana dukani, nayo ni umeme na programu iliyomo ndani ya vyuma.

Tuanze na chombo chenyewe. Bledi ni seva nyembamba isiyo na pawa saplai wala feni za kujitosheleza. Inachomekwa ndani ya kabati, ambalo mafundi huliita chasisi, kama kitabu kinavyopangwa kwenye rafu. Chasisi ndiyo inayotoa umeme, hewa na njia ya mtandao kwa bledi zote. Aina hii ya seva ilianza kuuzwa mwaka 2001, na mwaka 2006 kampuni ya HP ilitoa chasisi ya c7000 iliyoenea duniani kote. Inabeba bledi ndogo 16, pawa saplai 6 na feni 10. Ikijazwa kabisa uzito wake hupita kilo 200. Dell nayo ilikuwa na M1000e, ambayo pia huchukua bledi 16. Hizi ndizo mashine ambazo wakubwa wamekuwa wakiziondoa kazini, na ndiyo sababu bei yake inashuka.

Sasa tufike kwenye umeme. Plagi ya kawaida ya fremu ya duka ni ya ampea 13. Kwa volti 230 hiyo ni karibu wati 3,000 tu. Pawa saplai moja ya c7000 imetengenezwa kutoa wati zaidi ya 2,000, na zipo 6, kila moja ikitaka soketi yake nzito ambayo si ya ampea 13. Maana yake ni kwamba kabla chasisi haijawashwa, fundi umeme lazima avute nyaya mpya, na mara nyingi laini ya fezi tatu. Anayepanga fremu kwa mwaka mmoja mmoja ajiulize kama mwenye nyumba atakubali, na kama gharama hiyo itarudi siku mkataba ukivunjika.

Halafu kuna LUKU. Tuchukulie chasisi yenye bledi chache inakula kilowati 2 mfululizo. Kwa siku ni uniti 48, kwa siku 30 ni uniti 1,440. Tukipiga hesabu kwa shilingi 292 kwa uniti, bei ya daraja la T1 iliyotangazwa mwaka 2016, inapatikana shilingi 420,480 kwa mwezi kabla ya kodi na tozo. Umeme wote huo unageuka joto. Kilowati 2 ni karibu BTU 6,800 kwa saa, hivyo kiyoyozi cha BTU 9,000 kitafanya kazi usiku na mchana, na cha pili kinahitajika ili vipokezane. Tukiweka theluthi moja ya ziada kwa ajili ya ubaridi, tunafika shilingi 560,640 kwa mwezi, yaani shilingi 6,727,680 kwa mwaka. Msomaji abadili tarakimu kulingana na mita yake, lakini asiache kuzipiga. Kabati lililopatikana kwa bei ya kutupa linaweza kula bei yake ya kununulia kabla mwaka haujaisha.

Jambo la pili ni gumu zaidi kuliona. Kila kipande ndani ya chasisi, kuanzia bledi, diski, kadi ya mtandao hadi pawa saplai, kina programu yake ndogo iliyochomwa ndani kiwandani, ambayo mafundi huiita famuwea. Bila hiyo chuma ni chuma tu. Famuwea huzeeka na huwa na makosa, na mtengenezaji hutoa nyingine ya kusahihisha. Swali la mnunuzi ni hili: je, nikilimiliki kabati hili, nina haki ya kuipata hiyo mpya?

Mwezi Februari 2014 HP ilitangaza kwamba baadhi ya famuwea za seva zake za ProLiant, ikiwemo ile ya msingi inayoiamsha mashine, zitatolewa kwa wateja wenye dhamana hai au mkataba wa huduma. Baadhi ya nyingine ziliachwa wazi. Dell kwa upande wake imekuwa ikiziweka famuwea zake wazi kwa yeyote mwenye namba ya mashine. Tofauti hiyo haionekani kwenye rangi ya kabati, lakini ni tofauti ya fedha. Anayenunua mashine iliyotumika mikono mitatu hana dhamana, na akitaka mkataba atakuta pengine mtengenezaji haiudhamini tena mashine ya umri huo.

Wapo watakaosema mashine inayofanya kazi haihitaji kuguswa. Mfano huu utawajibu. Mwezi Novemba 2019 Hewlett Packard Enterprise, kampuni iliyorithi biashara ya seva za HP, iliwatahadharisha wateja kuhusu baadhi ya diski zake za SSD. Kwa kosa lililokuwa kwenye famuwea, diski hizo zingekufa zikitimiza saa 32,768 za kuwashwa, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8. Kilichomo ndani hakingeweza kurudishwa. Mwezi Machi 2020 ikatoka tahadhari ya pili kwa diski nyingine ambazo kikomo chake kilikuwa saa 40,000. Kwa kuwa diski za seva moja huwashwa siku moja, zingekufa karibu kwa pamoja, na ule mpango wa diski moja kuikinga nyenzake ungekuwa bure. Dawa ilikuwa kuchoma famuwea mpya kabla ya saa hiyo kufika. Mwenye duka anayeuziwa diski ya namna hiyo ikiwa na saa 30,000 amenunua hasara yenye tarehe.

Na hasara yenyewe ni nzito. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mfanyabiashara atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5. Siku ofisa wa kodi anapotaka kuona vitabu, kusema kwamba diski ilikufa si jibu. Ukichangia kabati na wenzako 14, kosa moja ni la maduka 15.

Basi mwenye kudhamiria kununua afanyeje? Jambo la kwanza, asikubali kuonyeshwa kabati lililozimwa. Liwashwe mbele yake, likiwa na bledi zote anazouziwa, na fundi wake mwenyewe awepo. Aangalie nyuma kabla ya mbele. Bledi haina tundu la waya wa mtandao mgongoni mwake. Mtandao unapitia kwenye moduli zilizochomekwa nyuma ya chasisi, na wauzaji wengine huziuza moduli hizo peke yake kwa kuwa zina soko. Kabati lenye bledi 16 lisilo na moduli nyuma ni sawa na daladala lisilo na mlango. Aidha, kadi iliyomo ndani ya bledi lazima ilingane na moduli iliyoko nyuma yake. Zisipolingana, chasisi yenyewe hukataa kuziunganisha.

Jambo la pili, adai maneno ya siri. Chasisi ya c7000 ina kompyuta ndogo ya usimamizi, na neno lake la siri la kiwandani huandikwa kwenye kikaratasi kilichobandikwa juu yake. Bledi nazo zina vikaratasi vyao. Vikipotea, fundi atatumia muda na fedha kuingia kwa mlango wa nyuma. Hata akiingia, ukurasa wa usimamizi wenye famuwea ya zamani unaweza usifunguke, kwa sababu mwaka 2020 programu kubwa za kufungulia kurasa ziliacha kukubali njia za kale za kulinda mawasiliano. Fundi mzoefu huja na kompyuta ya zamani aliyoitunza kwa kazi hiyo.

Jambo la tatu, ajue magonjwa ya kawaida ili asiuziwe tiba asiyoihitaji. Bledi ikigoma kuwaka, mara nyingi haijafa. Kompyuta ya usimamizi hupiga hesabu ya umeme uliopo kabla ya kuruhusu bledi iwake. Kabati likiwa limepangwa kwamba nusu ya pawa saplai zikae akiba kwa nusu nyingine, na zilizopo ni 3 tu, litakataa hata kama umeme ni mwingi. Mpango ukibadilishwa, bledi inawaka, ila akiba hiyo inakuwa haipo tena. Feni zikipungua, baadhi ya nafasi hazitaruhusiwa. Nafasi iliyo tupu ikiachwa wazi bila kifuniko chake, hewa ya ubaridi inapita hapo na bledi zilizobaki zinachemka. Saa na tarehe zikirudi nyuma kila baada ya kuzimwa, ni betri ndogo ya kwenye ubao, ambayo ni ya bei ya chini kabisa katika mashine yote. Fundi anayeanza kwa kusema ubao mkuu umeungua kabla ya kukagua haya atafutiwe mwenzake.

Jambo la nne, famuwea zisichomwe bila UPS. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo kifaa kinaweza kubaki jiwe. Kazi ianze kwenye kompyuta ya usimamizi, ndipo ifuate miongozo ya mtengenezaji kwa bledi na moduli, na kabla ya yote nakala ya data iwe imeshatolewa nje ya kabati.

Na nakala hiyo isikae jengo lile lile. Hapa hatuhitaji mfano wa ng'ambo. Julai 10, 2021 Soko Kuu la Kariakoo liliungua. Januari 16, 2022 likaungua soko la Karume hapa Mchikichini. Novemba 16, 2024 jengo la ghorofa Kariakoo likaporomoka na kuua watu. Mali iliyoungua inaweza kununuliwa tena, lakini daftari la nani anadaiwa nini halina duka linaloliuza.

Tutakuwa hatutendi haki tukisema bledi ni mbaya. Nafasi katika eneo letu ni ghali, na chombo hiki hubana seva 16 mahali padogo. Kikundi chenye wateja wa kujaza angalau nusu ya kabati, laini ya fezi tatu, jenereta, fundi wa kudumu na chasisi ya pili ya kuchunia vipuri kinaweza kupata faida. Lakini chasisi iliyojazwa bledi 3 inaendesha feni na moduli zile zile kama iliyojaa, na gharama hiyo inabebwa na wachache.

Kwa wengi wanaosoma ukurasa huu ushauri wetu ni mwingine. Maduka 10 au 15 yanahudumiwa vyema na seva mbili za kawaida, zinazochomekwa kwenye soketi ya ampea 13, moja ikiwa kazini na nyingine ikiwa mahali pengine na nakala. Ikiharibika pawa saplai, kipuri kinapatikana na duka la jirani halisimami. Anayetaka huduma kubwa bila chuma anaweza kukodi nafasi kwenye vituo vya kutunza data, kikiwemo kile cha taifa kilichoko Kijitonyama, ambako umeme na ubaridi ni shughuli ya mwenye kituo. Alinganishe kodi hiyo na ile shilingi milioni 6.7 tuliyoipigia hesabu hapo juu.

Kwenye belo unajua leo hii hii kama umepata au umekosa. Kabati la seva linakuambia baada ya miezi, wakati fedha zimeshalala na wenzako wanauliza ziko wapi. Kwa hiyo kikao cha kuchangishana kikiitishwa, asiulizwe bei mtu wa kwanza. Aulizwe nani atalipa LUKU ya mwezi wa saba, famuwea itatoka wapi, na nakala itakaa wapi. Kikao kisipokuwa na majibu hayo matatu, mchango usubiri.