Ngoma si ya kupokea wakubwa tu

Ngambo ya Lubiriha kuko mtu anayetupa haya. Mwaka 1984, Stephen Rwangyezi alianzisha kundi la Ndere kule Uganda. Alipanga ngoma za makabila mengi zichezwe jukwaa moja, na watu wanalipa kuingia kuzitazama.

Na siye? Mobutu aligeuza ngoma kuwa animasyo ya MPR. Alianguka mwaka 1997, lakini tabia ilibaki: tunaita wachezaji siku mkubwa anakuja, tunawapa chupa ya fanta, basi. Halafu tunalaumu vijana eti wametupa mila! Mtoto ataheshimu namna gani kitu ambacho wazazi wenyewe hawalipii?

Wakonzo wa ngambo na sisi Wanande tuko damu moja. Tulipe mafundi wetu, wafundishe masomoni, kabla hawajazikwa na ujuzi wao.