TAHARIRI: MTOTO HALIPWI MBUZI



Wiki hii ubao wetu hautasema bei ya kahawa wala deni la mbolea. Tunataka kusema jambo ambalo hapa kijijini husemwa kwa kunong'ona: watu wazima wanaowatumia watoto wetu kwa tamaa zao.

Namna yake tunaijua. Binti wa darasa la sita anapewa lifti ya bodaboda, kesho chipsi, keshokutwa simu. Halafu anaambiwa alipe. Mwingine anapelekwa Moshi mjini kufanya kazi za ndani, ati atasomeshwa, kumbe mwenye nyumba ana yake. Wavulana nao wamo, ila wao hunyamaza zaidi.

Mwaka 2009 ulifanyika uchunguzi wa nchi nzima. Ilionekana kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Tuwahesabu basi watoto wanaopita mbele ya ubao huu kwenda shule.

Wengine watasema, "Si alipokea zawadi? Alitaka mwenyewe." Hapana, jamani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Zawadi ni ndoana, na samaki halaumiwi kwa chambo. Mtu mzima anayembaka mtoto hukumu yake si chini ya miaka 30 jela.

Sasa tuseme ukweli unaotuuma. Mambo haya yakijulikana, wazee hukaa chini ya migomba, analetwa mbuzi na debe la mbege, tunaambiwa yamekwisha. Hata baadhi yetu viongozi tumewahi kukaa katika vikao hivyo na kupokea kata. Siku ile mtoto aliuzwa mara ya pili. Wazee walikunywa, mkosaji akarudi barabarani kumngoja mwingine, mtoto hakuulizwa neno. Kikao cha ukoo hakina mamlaka ya kumaliza kosa la namna hii. Tuache.

Basi tufanye hivi:

1. Mtoto akisema, tumwamini. Tusimhoji kila mtu kwa zamu yake. Tumwambie, "Huna kosa."

2. Apelekwe hospitali upesi, kabla ya saa 72 kupita, yaani siku tatu. Zipo dawa za kuzuia Ukimwi na mimba, lakini hazingoji. Asiogeshwe kwanza, na nguo zake zisifuliwe, maana ni ushahidi.

3. Taarifa ifike polisi, Dawati la Jinsia na Watoto. Huko hutolewa fomu ya PF3. Anayeogopa kwenda apige simu 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Ni bure.

4. Jina la mtoto lisitajwe kilabuni, kanisani, msikitini wala kisimani.

5. Arudi shule. Hata aliyepata mimba, tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu arudi darasani baada ya kujifungua. Kumficha kwa shangazi wa mbali ni kumfunga yeye badala ya mkosaji.

Na neno moja tulizike: tusiseme mtoto "ameharibiwa." Hajaharibika. Ameumizwa, na aliyeumizwa hupona akitunzwa. Tumuache acheze na wenzake, tumtume dukani kama zamani, tumpe muda. Usiku akishtuka, mama amshike mkono. Akikaa kimya, tusimlazimishe kusema. Afisa ustawi wa jamii naye yupo kwa kazi hiyo.

Wengi wetu tulijifunza kusoma ukubwani, tukadhani kusoma ni kujua mizani ya kahawa isituibie. Kumbe ni pamoja na kujua haki ya mtoto isiibwe. Asiyejua kusoma asomewe ubao huu. Na atakayeletewa mbuzi wa namna hiyo, amrudishe, kisha aende polisi.

Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Katibu wa Tawi